Dughulushi chini ya mwembe

SWALI: Shikamoo Bibi Bustani. Shangazi wa mume wangu anaishi Muheza, naye alinipa dughulushi, lile ua la zambarau la milima ya Usambara. Nimelipanda chini ya mwembe, kwenye udongo mweusi na samadi, na nalimwagia maji asubuhi na jioni. Sasa majani yana madoa na katikati pamelainika. Je, ni joto la Dar? – Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Joto halilisaidii, lakini kinacholiua ni hayo maji yako.

Huko kwao dughulushi hung'ang'ania mwambani, kwenye utando wa kijani unaofunika mawe ya kando ya vijito. Udongo wake ni majani yaliyooza, kiganja tu, na maji hupita yakaenda zake. Wewe umelizamisha kwenye samadi! Likishalainika katikati halina dawa, basi okoa majani. Chagua lililo gumu bado, likate na kikonyo chake kama sentimita 3, chomeka kwenye mchanga wa mtoni wenye unyevu, ulifunike kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga. Baada ya miezi miwili mitatu utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikichungulia pale chini.

Vihamishie kwenye kopo dogo lililotobolewa, lenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, majani yaliyooza na mchanga. Samadi weka mbali. Kopo likikauka juu, liweke kwenye sahani ya maji nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Majani yale yana vinyweleo. Maji ya baridi yakiyagusa huacha madoa yasiyofutika.

Mwembe uachie kuku. Barazani, panapoingia jua la asubuhi kidogo, ndipo mahali pake. Kivuli linakipenda, giza hapana: vikonyo vikirefuka na maua hayaji, lisogeze kwenye mwanga.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alimpelekea baba yake mbegu za dughulushi Ujerumani, na leo limejaa madirishani Ulaya, kwenye baridi ile. Kimara litashindwaje?

Majani yakikuozea yote, mwombe shangazi mengine mawili. Msituni usiende kung'oa. Baadhi ya aina zake zimebaki kwenye miamba michache tu.