Programu ya Windows ndani ya Linux: jibu langu kwa anayetaka kurudi alikotoka

Wiki iliyopita msomaji mmoja, aliyeiacha Windows na kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine (yaani programu kuu inayoendesha kompyuta), aliniandikia: "Kaka, nimehamia Linux na nimeipenda, lakini programu ya uhasibu tunayoitumia kazini ni ya Windows peke yake. Nirudi nilikotoka?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba asirudi, kisha nikaona jibu hilo linastahili maelezo, kwa sababu suala lenyewe niliwahi kukejeliwa nalo mbele ya watu na fundi wa kampuni iliyotuuzia programu ya kumbukumbu za wateja. Aliitazama skrini yangu, akacheka, akasema Linux ni ya wanafunzi wanaochezea kompyuta na kwamba programu yao haitafunguka humo kwa dawa wala kwa dua. Programu hiyo inafunguka humo hadi leo kwa msaada wa Wine, na nimeitumia asubuhi hii kabla ya kuandika makala haya.

Fundi yule hakujua, au hakutaka kujua, jinsi programu inavyofanya kazi. Inapotaka kufungua faili, kuchora dirisha au kuchapisha, programu ya Windows huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo, na maombi hayo hupitia maktaba, yaani mafaili ya maagizo yanayotumiwa na programu nyingi, zenye majina kama kernel32.dll na user32.dll. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 na ambao Alexandre Julliard ameuongoza tangu 1994, umeziandika upya maktaba hizo ili ombi lile lile lijibiwe na Linux. Huhitaji nakala ya Windows, na msimbo wa programu, yaani maagizo yake, huendeshwa na kichakataji chako moja kwa moja, ndiyo maana programu nyingi za ofisini hazipungui kasi kwa kiasi cha kuonekana. Kazi hiyo haikuwa ya haraka, kwani toleo la 1.0 lilitoka 2008, lakini imefika mahali ambapo Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, iliijenga Proton, programu yake ya kuendeshea michezo ya Windows, juu ya Wine mwaka 2018, na Steam Deck, kompyuta yake ya mkononi ya michezo iliyoanza kuuzwa 2022, huendesha michezo ya Windows kwa njia hiyo. Mchezo wa wanafunzi!

Programu yangu haikukubali mara moja. Nilipobofya ikoni yake hapakutokea kitu, si dirisha wala onyo, na hapo ndipo wengi husema imeshindikana. Nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaingia kwenye folda yake, nikaiita kwa amri ya wine ikifuatwa na jina la faili, na katikati ya maandishi mengi nikaona mstari ulioanza na err:module:import_dll, ukiitaja MFC42.DLL na kusema kwamba haikupatikana. Kumbe ni maktaba moja ya zamani ya Microsoft, ambayo waandishi wa programu walidhani kila kompyuta inayo. Winetricks, programu ndogo inayoleta vitu vya namna hiyo, iliisakinisha kwa neno moja tu, mfc42, na dirisha la kuingizia nenosiri likafunguka. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia fundi. Hakunijibu, na sitasema kwamba ukimya wake haukunifurahisha.

Baada ya hapo zikabaki kero. Ripoti zilichapishwa bila shida, kwa kuwa Wine huzikabidhi kwa CUPS, huduma ya uchapishaji ya Linux, kama programu nyingine yoyote ya Linux, lakini tarakimu zilihama safu, hata salio la mteja likasimama chini ya neno "Tarehe". Programu ilitarajia fonti ya Arial na mfumo ukaipa nyingine yenye herufi za upana tofauti; nilipoongeza corefonts kwa Winetricks, kila safu ikarudi mahali pake.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kusoma mstari wa kosa. Wa pili ni kuipa kila programu folda yake ya Wine kwa kutumia WINEPREFIX, mpangilio unaoiambia Wine itumie folda ipi, kwa sababu folda hiyo ndiyo inayobeba drive_c (inayosimama badala ya diski C: ya Windows), rejista (hifadhi ya mipangilio) na maktaba zote ulizoongeza, na maktaba inayoiponya programu moja huweza kuiua jirani yake. Ukiharibu, unafuta folda moja na kuanza upya, na ukifanikiwa, unaitunzia nakala rudufu. Usiendeshe Wine kwa sudo, amri inayoipa programu mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta. Wine si gereza: kwa kawaida diski ya Z: huielekeza programu kwenye mafaili yako yote, na kirusi cha Windows kikiingia humo kitayasoma kama unavyoyasoma wewe.

Kuna programu ambazo Wine haiziwezi, na ni uungwana kulisema hilo mapema. Programu inayotaka kusakinisha kiendeshi chake (programu ya kuongoza kifaa) ndani ya kiini cha Windows, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, kama zile zenye leseni iliyofungwa kwenye kifaa cha USB au michezo yenye ulinzi wa kuzuia udanganyifu unaokaa ndani ya kiini, haitapata kiini cha kukaa. Hapo tumia mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendesha Windows ndani ya Linux, kwa programu kama VirtualBox au KVM, ukiwa na leseni halali ya Windows na kumbukumbu (RAM) ya kutosha, ingawa ulinzi wa baadhi ya michezo hukataa hata humo. Kwa wenye Mac wanaotumia Wine, kumbukeni kwamba macOS 10.15, mfumo endeshi wa Mac wa mwaka 2019, iliacha kuendesha programu za biti 32 (za aina ya zamani), na kwamba kwenye vichakataji vya Apple kazi ya kutafsiri msimbo wa x86, ulioandikwa kwa vichakataji vya Intel na AMD, hufanywa na Rosetta 2, programu ya Apple. Wine peke yake haiifanyi.

Ninaowalaumu ni wanaoniandikia wakitaka "amri ya kunakili" bila kunitajia jina la programu, toleo lake wala kosa linaloonekana. Someni mstari wa kosa. Kompyuta imewaandikia kinachokosekana, na ninyi mnaufunga ukurasa kwa sababu maandishi ni mengi. Aliyekucheka hatanyamazishwa na malalamiko, bali na programu inayofunguka.

Nawe msomaji uliyeniuliza, angalia kwanza kama programu yako ya uhasibu ina kifaa cha leseni cha USB. Kama haina, itengenezee folda yake, isakinishe, na uiendeshe kutoka terminali. Lakini usiifute Windows ya zamani mpaka ufunge hesabu za mwezi mzima kwenye mifumo yote miwili na ripoti zake zifanane hadi senti ya mwisho.