Paipu ya friji si paipu ya breki

Juzi hapa gereji nimemkuta dogo kalala chini ya Isuzu ya zamani na spana ya mdomo wazi, anaizungusha nati ya paipu ya breki mpaka pembe zote sita zimeisha. Namuuliza vipi, ananijibu, "Imeshika, kaka." Imeshika! Lori limebeba mchanga Kigamboni miaka yote hiyo, wewe ulitaka ifunguke kwa salamu? Haya, sogeeni.

1. Nati ya paipu ina spana yake, ile ya duara iliyokatwa mdomo. Mwagia mafuta ya kutu tangu jana yake. Ikigoma, kata paipu usawa wa nati, vamia na soketi. Paipu si unaitupa?

2. Kutu usiitafute mahali panapoonekana. Fungua klipu zinazoishikilia paipu kwenye chesisi. Tope na chumvi hukaa chini yake, na paipu hulika hapo kimyakimya. Ikitoboka moja, ng'oa zote.

Na hili nalisema kwa aibu. Nikiwa na miaka miwili tu kwenye kazi, mzee mmoja aliniletea lori, paipu ya ekseli ya nyuma imepasuka. Hela hakuwa nayo, nami nilitaka sifa. Nikakata kipande kilichooza, nikaunga paipu ya shaba niliyoipata kwa fundi friji. Mdomo nikaupanua mara moja tu, kama wao wanavyofanya, badala ya kuukunja mara mbili. Presha ya breki ukikanyaga kwa nguvu inaizidi ya friji mara kadhaa, na shaba laini ikitikiswa kila siku inachoka. Hayo niliambiwa baadaye.

Uwanjani pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikajigamba, nikapanda kabini twende kujaribu. Tunashuka mteremko wa Pugu, bodaboda akakatiza, mzee akakanyaga kwa mguu wote. Nikasikia "pwii", pedeli ikalala sakafuni. Lori lile masta silinda yake, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedeli, ni ya chumba kimoja: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote hayana breki. Mzee hakupiga kelele. Alipachika gia ya pili, gia ikalia, akavuta handibreki, tukaenda kuparamia lundo la kifusi pembeni ya barabara. Hakuna aliyeumia. Nilishuka magoti yakigongana, nikatapika. Mzee akauliza neno moja tu: "Ulikanyaga mara ngapi pale uwanjani?" Mara tatu, polepole, gari limesimama. Hiyo ndiyo ilikuwa testi yangu.

3. Silinda za magurudumu badilisha kushoto na kulia pamoja. Mipira yake usiioshe kwa petroli wala usiipake grisi, itavimba na breki zitang'ang'ania. Paka mafuta yaleyale ya breki. Brekishuu iliyoloa mafuta ni ya kutupa, hata kama mwenye gari anakuangalia kwa huruma. Na dramu ikiwa nje, mtu asikanyage pedeli! Utingo mmoja alikanyaga "aone kama inafanya kazi". Ilifanya. Pistoni ilinipita sikioni.

4. Ingiza nati kwenye paipu kwanza, ndipo ukunje mdomo. Mnacheka, lakini wiki hii wawili mmesahau, na mmoja amesahau mara mbili kwenye paipu ileile.

5. Kutoa upepo ulioingia kwenye paipu: anza gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kanyaga, shikilia, fungua niplo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu, funga, ndipo uachie. Kikombe cha mafuta juu ya masta silinda kisikauke, la sivyo mnaanza upya. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Yamekwisha kunyonya unyevu, na unyevu huo ndio ulioozesha silinda uliyoitoa.

Ukimaliza, mmoja akanyage kwa nguvu zake zote, ashikilie dakika nzima, mwingine apite chini na tochi.

Yule mzee bado ananiletea gari. Ila kabla ya kutoa hela huingia chini mwenyewe, kanzu na yote, anapapasa paipu moja baada ya nyingine, nami nasimama pembeni nimemshikia kofia.