Zege Mguuni mwa Tuta: kwa mliokabidhiwa lambo kwa mara ya kwanza

Juzi kijana mmoja kanitumia picha. Ni mguu wa tuta la lambo (bwawa dogo la udongo), kule chini kabisa upande mkavu usio na maji, na juu yake zege limepigwa mwiko mpaka linang'aa. Kabla halijakauka kaandika jina lake na tarehe kwa msumari. Chini ya picha ameweka maneno: "Mkuu, palikuwa panavuja, nimeshamaliza."

Nimeitazama ile picha muda mrefu, na wala si kwa hasira. Zege la namna ile nililimwaga mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuandika jina, na nadhani hiyo ndiyo busara pekee niliyokuwa nayo siku ile.

Basi wadogo zangu, kaeni kitako. Sitawafundisha utoro ni nini (ile njia ya kutolea maji yaliyozidi bwawani) wala valvu ya kufungulia maji inakaa wapi, hayo mmeyasoma. Haya ni yale ninayoona mkiyarudia kila msimu kana kwamba mmerithishana.

1. Fyekeni nyasi ziwe fupi, msizing'oe. Tuta lililofunikwa na vichaka halikaguliki. Hata fuko na panya wanalijua hilo, ndiyo maana wanahamia humo. Mti ukatwe ungali fimbo. Ukishafikia kuwa mti wa kukalia kivulini, usiukate ukaacha kisiki: mizizi ikioza huacha mirija ndani ya tuta, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Ngoja kina cha maji kishuke, ng'oa na mizizi yake, jaza udongo na kuushindilia kwa tabaka za sentimita 15 hivi. Kuna mmoja wenu aliniambia mizizi "inashikilia udongo". Kweli, kwenye kilima. Tuta si kilima.

2. Kagueni kiangazi pia. Masika tuta zima limelowa, utaona nini? Kiangazi nyasi zote zimekauka, na ukikuta kiraka cha kijani kibichi pale mguuni, hapo pana maji. Nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kwa sababu kivuli huonyesha kila bonde na kila uvimbe. Na utembee kwa miguu, ukipanda na kushuka mteremko wote. Nasema hivyo kwa kuwa nimewahi kuletewa ripoti ya "ukaguzi wa kina" uliofanywa kwa pikipiki juu ya mgongo wa tuta. Mwandishi wake hakusahau hata kutaja hali ya barabara.

3. Utoro ubaki wazi. Usiwekwe nyavu za samaki, wala magogo, wala viroba vya mchanga eti "tubakize maji kidogo kwa kiangazi". Ile mita moja kati ya sakafu ya utoro na mgongo wa tuta si akiba iliyosahauliwa na mjenzi. Ni nafasi ya mafuriko na mawimbi. Tuta la udongo maji yakilipita juu linachimbwa upande wa nyuma, na likishaanza kukatika hakuna wa kulizuia. Kila mwaka nakuta viroba, na kila mwaka aliyeviweka hajulikani.

4. Tembeeni na chupa.

Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka 26, lambo la kwanza kuwa chini yangu, tuta la mita sita hivi. Mlinzi wake alikuwa mzee mmoja mpole aliyeanza kulilinda kabla sijajua kusoma. Asubuhi moja akaniambia, "Mwanangu, kuna maji yanachungulia kule chini." Nikaenda. Palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, maji yakitoka taratibu, maangavu kabisa, na kulizunguka tundu mchanga mwembamba umejikusanya kama kichuguu kidogo kinachojengwa na mchwa. Chembe zilikuwa zinachezacheza ndani ya maji, zinapanda na kushuka. Nakumbuka niliona yanapendeza.

Ule mchanga ulikuwa umetoka wapi? Swali hilo sikujiuliza. Angejiuliza mtu yeyote mwenye chupa: kinga maji, acha yatulie hadi kesho, tazama kitakoni mwa chupa. Kikijikusanya kitu, basi tuta linatoka kidogo kidogo kwa mlango wa nyuma. Mimi niliona tundu, na tundu dawa yake ni kuziba. Nikaleta udongo wa mfinyanzi, nikashindilia. Juu yake zege, kwa tahadhari. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Sasa yatapita wapi?" Nikamjibu kwa upole wa msomi kwamba hayatapita. Jioni nikaandika daftarini: *Tatizo limetatuliwa.* Nikalipigia mstari.

Wiki moja na siku mbili mahali palikuwa pakavu, nami nikatembea kifua mbele. Siku ya kumi mzee akaja nyumbani kwangu alfajiri, hakusema kitu, akaniashiria tu nimfuate. Hatua tano kushoto kwa zege langu, na juu kidogo mtelemkoni, maji yalikuwa yanatoka tena. Safari hii yalikuwa na rangi ya udongo.

Ni jambo la darasani kabisa, na darasani nilipata alama nzuri. Kila tuta la udongo linavujisha. Maji yanayotoka mguuni ndiyo pumzi yake. Ukiyazibia, hayarudi bwawani, yanapanda ndani ya tuta, shinikizo linaongezeka, na yanatafuta pengine, mara nyingi juu zaidi, yakibeba udongo njiani. Nilikuwa nimelizamisha tuta kwa ndani kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikakimbilia valvu tushushe kina. Valvu ikagoma. Nilipomuuliza mzee ilifunguliwa lini mara ya mwisho, akahesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja akaanza wa pili, nikamwambia basi. Tulivika spana kipande cha bomba ili iwe ndefu, watu wanne tukaining'inia, na ilipolegea hatimaye sikuwa na hiari ila kuiachia yote. Siku mbili baadaye, upande wa maji ukaporomoka kipande cha kama hatua nane, kwa sababu kina kilishuka haraka na udongo ulikuwa bado umejaa maji. Nilikuwa na jeraha moja, sasa nina mawili.

Aliyetuokoa ni msimamizi wangu. Alikuja na lori tatu: mchanga safi, kokoto, mawe. Pale penye maji ya matope akatandika mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe, na maji yakaendelea kutoka. Alitaka yaendelee. Udongo ndio uliokatazwa kutoka. Baada ya saa chache yakawa maangavu. Kisha akaomba nyundo, akavunja kona ya zege langu, akalala kifudifudi na kuingiza mkono chini yake. Ulizama mpaka begani. Zege lilikuwa limesimama kama daraja, chini yake hakuna kitu. Akautoa mkono, akajifuta, akaniambia, "Kazi ya zege ni nzuri sana." Hakuniambia neno lingine siku nzima.

Mkidhani huu ni ugonjwa wa malambo madogo, someni habari za Teton huko Idaho, Marekani, 5 Juni 1976, bwawa jipya la udongo likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi maji ya matope yanatoka, tingatinga mbili zinasukuma udongo na mawe ndani ya tundu, tundu linazimeza zote mbili. Kabla ya saa sita mchana bwawa limepasuka. Walikufa watu 11.

5. Valvu: zungusheni kila baada ya miezi mitatu, mfungue na kufunga. Kama hakuna dharura, kina kisishuke zaidi ya sentimita 30 kwa siku. Sababu mmeshaisikia.

6. Pimeni uvujaji kwa ndoo na saa, na siku hiyo hiyo andikeni kina cha maji bwawani. Lita kwa dakika bila kina ni namba yatima. Uvujaji ukiongezeka huku kina hakijapanda, nipigieni hata usiku.

7. Ufa unaolikata tuta kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni wa kuogopwa kuliko unaofuata urefu wake, ingawa wote ni wa kuandikwa. Pigilieni vigingi kwenye ncha zote mbili na muweke tarehe. Mkitaka kuufukua, mwageni kwanza maji ya chokaa ndani yake, mtaufuata kwa rangi hadi unapoishia. Na kabla ya kuufukia, angusheni punje ya udongo mnaotaka kuutumia kwenye glasi ya maji matulivu. Ikifanya wingu, udongo huo si wa tuta.

8. Majina na namba za simu za wanaoishi chini ya lambo. Ziwe ukutani kwa mlinzi, si kwenye kompyuta yako. Siku ile ya valvu tulimtuma mtu kwa baiskeli.

Na wewe bwana mdogo wa msumari, jina lako nimelihifadhi, sitalitaja. Leo usiguse kitu, ila mlinzi akae hapo usiku na mchana na kuangalia hatua ishirini kila upande. Agiza mchanga uliooshwa, kokoto na mawe. Usivunje zege kabla vyote vitatu havijashushwa pale pale mguuni. Nitafika kesho asubuhi na nyundo. Wewe niletee chupa mbili tupu, za kuona ndani, zenye vifuniko.