Kingamwili za thairoidi: maswali yenu na majibu

Assalaam aleikum. Tangu niseme kuhusu vipimo vya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, mmenijazia maswali, hebu tuanze na haya.

Nimepima anti-TPO imetoka 480 na karatasi imewekwa alama nyekundu. TSH ni 2.1. Dada yangu ananambia nianze kunywa vidonge vya mama, yeye pia ana thairoidi. (Wete)

Usinywe, ukhti, tafadhali sana. Anti-TPO ni kingamwili ambazo mwili wako umezitengeneza zikaigeukia tezi yako wenyewe, kwa hiyo zinakwambia tezi inashambuliwa lakini hazikwambii kama imeshashindwa kazi, hilo anaelisema ni TSH, homoni ya kutoka ubongoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, na yako 2.1 iko sawa kabisa (maabara nyingi mpaka ni kama 0.4 hadi 4). Wapo watu wengi tu, wanawake khasa, wana kingamwili hizi na tezi yao haijawahi kuwasumbua. Kule Whickham, Uingereza, waliwafuatilia watu miaka 20, wakaona wanawake wenye kingamwili na TSH nzuri ni kama 2 kati ya 100 kwa mwaka ndo tezi yao inachoka. Kwa hiyo pima TSH mara moja kwa mwaka. Anti-TPO usirudie, inapanda inashuka na dawa haibadiliki kwa sababu yake, kinachonuma ni kuona mtu analipia kipimo kile kile kila miezi mitatu na pesa yenyewe kaikopa. Ila ukitaka kubeba mimba au ukishajua unayo, mwambie daktari mapema, mana hapo TSH inafuatiliwa kwa karibu zaidi, na hata baada ya kuzaa tezi inaweza kuvurugika.

Nilikuwa na Graves (ugonjwa wa kingamwili kuifanyisha tezi kazi kupita kiasi), nikatolewa tezi yote. Sasa nna mimba ya miezi mitatu, daktari anataka TRAb. Tezi sina, inapimwa nini? (Fuoni)

Kapime, mama, na usichelewe. Tezi imetoka lakini kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu miaka, na hizi TRAb, ndo kingamwili zenyewe za Graves, zinapita kondo la nyuma zikafika kwa mtoto, zikaiamsha tezi yake yeye ifanye kazi kupita kiasi, moyo wake ukaenda mbio nawe mwenyewe hujisikii chochote kwa sababu vidonge vyako vya homoni ya tezi vinakutosha. Zikiwa juu hurudiwa wiki ya 18 hadi 22 na mtoto anaangaliwa kwa ultrasaundi. Kati ya vipimo vyote vya kingamwili mie hichi ndo nisingekubali kirukwe. Na ukienda kujifungua waambie wakunga kuwa uliwahi kuwa na Graves, hata kama hawajakuuliza.

Bibi yangu alikuwa na rovu, na mie shingo imeanza kujaa. Nipime kingamwili? (Micheweni)

Anza na TSH na daktari aishike hiyo shingo, pengine na ultrasaundi. Rovu lina sababu nyingi, upungufu wa madini joto ni mojawapo, kwa hiyo angalia pia chumvi mnayopikia kama imetiwa madini hayo. Kingamwili zinakuja baadae, kujua chanzo.

Nnakunywa biotini ya nywele, ina shida? (Mombasa, Unguja)

Kwa mashine baadhi za maabara, ndio, tena kubwa. Inaishusha TSH, inapandisha homoni za tezi na TRAb kwenye karatasi, ukaonekana una Graves na huna. Iache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, kama dozi ni kubwa muulize daktari pengine iwe zaidi, na mtu wa maabara mwambie.