Pai ya mchana: uliza imetoka saa ngapi kwenye oveni

Umeuliza uagize nini ukienda mgahawa wa pai kwa mara ya kwanza, na kama pai moja itakutosha mchana. Itakutosha kabisa. Unga na siagi vinashibisha, kwa hiyo achana na viazi. Chukua saladi yenye ndimu au siki kidogo ikate mafuta.

Ila kabla ya kuagiza, muulize mhudumu pai ipi imetoka kwenye oveni muda si mrefu. Kwangu hilo ni kubwa kuliko menyu nzima. Ganda zuri hufanya matabaka kwa sababu siagi iliyochanganywa ikiwa baridi huyeyuka ndani ya oveni, maji yake yanageuka mvuke na kuunyanyua unga. Pai ikikaa, unyevu wa nyama ya ndani unaingia kwenye ganda, na la chini ndilo huloa mapema. Ikipashwa kwenye maikrowevu ndiyo basi tena, inalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Uliza pia kama ina ganda chini na juu. Kwingine utaletewa bakuli la mchuzi lililofunikwa unga juu tu. Ni tamu, sikatai, ila mimi nataka pai niikate kwa kisu na isimame yenyewe.

Ikifika ipasue juu, mvuke utoke, usubiri dakika 5 hivi. Ndani huwa na moto kuliko nje inavyoonyesha. Pai ya matunda, kama hauko peke yako, agizeni moja mgawane.