Watoto Waende Shule Wenyewe? Kwanza Tuipime Ile Lami

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Mdogo wake wa kiume ana miaka 7, darasa la kwanza. Tunakaa Tabata. Shule yao iko mwendo wa dakika 20 kwa miguu, na njiani wanavuka barabara moja ya lami yenye daladala. Mimi saa 12 asubuhi natakiwa niwe Kariakoo, baba yao ni dereva wa lori, anakaa safarini. Bodaboda nimemwacha maana anapakia wanne kwa mkupuo. Mama mkwe tunakaa naye, anasema niwaache waende, wao walitembea mbali kuliko hapo. Jirani anasema nikiwaacha nimewatelekeza. Nimsikilize nani?*
*Mama wa Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Bodaboda ya abiria wanne umefanya vizuri kuiacha. Kuhusu mama mkwe na jirani, kila mmoja ana nusu yake. Dakika 20 za vichochoroni, kupita maduka na majirani wanaowajua, wanao wanaziweza. Lami hawaiwezi bado, hata dada mtu.

Piga hesabu nami. Lami ya njia mbili ina upana wa kama mita 7. Mtoto wa miaka 7 anatembea takriban mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 7 kuvuka. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kisheria kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa sekunde zile 7 limeshakula karibu mita 100. Basi mtoto akiona gari lililo karibu ya hapo, anatakiwa asubiri. Watoto wa chini ya miaka 9 au 10 wanashindwa hapo: gari wanaliona, ila kasi yake hawaipimi. Wakiliona dogo kwa mbali wanadhani linakuja polepole. Ongeza urefu wa kijana wako, kama sentimita 120, mbele ya Coaster iliyosimama. Dereva hamwoni, naye haoni kinachokuja upande wa pili.

Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta mtu mzima wa pale kwenye lami tu, kwa dakika kumi za asubuhi. Huhitaji wa kuwafikisha shuleni. Bibi yao kama miguu inamruhusu kufika barabarani, ndiyo kazi yake hiyo, na itampunguzia maneno. Kama hawezi, tafuta wazazi watano wa mtaani kwenu wenye watoto shule ile ile, mpokezane zamu, kila mmoja siku yake. Usitegemee mtu mmoja, kwani siku akiugua watoto watavuka peke yao bila wewe kujua. Mama wa vitumbua anayekaa pale kila asubuhi anaweza kuwa wa akiba, maadamu mnafahamiana na mmekubaliana wazi. Muulize pia mwalimu mkuu kama shule inaweka mwalimu wa zamu kivukoni.

Marudio ndiyo yanayosahaulika. Darasa la kwanza mara nyingi hutoka mapema kuliko la tatu. Kijana akitoka kabla ya dada yake, atarudi peke yake wakati wale watu wazima wote wa asubuhi wako kazini. Nenda shuleni ukaulize saa kamili ya kutoka kwa kila darasa, siku kwa siku. Halafu uchague moja: amsubiri dada ndani ya geti, mwalimu wake akijua, au bibi awe barabarani saa hiyo. Kusubiri nje ya geti kwenye barafu na michezo, hapana.

Sasa mafunzo, maana kuna siku watajikuta wenyewe. Yafanye Jumamosi, ila saa ile ile ya asubuhi, na Jumatatu ya likizo yako ukayarudie, kwa sababu Jumamosi magari ni machache. Mara za kwanza tembea nao ukieleza kwa sauti unachofanya. Kisha wao wakuongoze na wakueleze. Mwisho tembea hatua 20 nyuma yao, ukinyamaza hata wakikosea njia, usinyamaze wakikosea lami.

Pale barabarani wafundishe hivi. Wasimame hatua moja nyuma ya ukingo. Watazame kulia kwanza, kwa kuwa magari ya upande wa karibu yanatoka huko, kisha kushoto, kisha kulia tena. Bodaboda hupita upande wowote, kwa hiyo kushoto wasikuamini hata kama magari ya upande wa karibu yanatoka kulia. Umbali wa kusubiri upime kwa nguzo za umeme: hesabu hatua zako kati ya nguzo na nguzo, uone ni nguzo ya ngapi inayofika mita 100, uwaonyeshe. Gari likiwa ndani ya nguzo hiyo, hakuna kuvuka. Wavuke wakitembea, mstari ulionyooka, dada amshike mdogo kwenye kifundo cha mkono, maana kiganja kinachomoka. Wakishaanza wasirudi nyuma: mmoja akiruka na mwingine akarudi, dereva hajui amkwepe yupi.

Makosa mawili ya Dar yawekee sheria. La kwanza, dereva mwema anasimama na kuwapungia wavuke. Nyuma yake bodaboda haijui kwa nini amesimama, inampita. Wakipungiwa wasikimbie: wafike usawa wa lile gari, wasimame, wachungulie, ndipo wamalizie. La pili, kupita mbele ya daladala inayoshusha. Waisubiri iondoke, hata kama konda anawahimiza.

Mwezi wa sita na wa saba jua hapa huchomoza karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo sweta la bluu linawaficha. Bandika utepe wa reflekta kwenye mabegi. Mvua ikiwa kubwa, mtaro uliofurika hauonyeshi ukingo wake, na chemba zisizo na mfuniko hazionekani: siku hiyo wasubiri nyumbani, wachelewe. Mwambie mwalimu mapema kwamba hiyo ni amri yako.

Lifti ya mtu yeyote ni mwiko, hata anayejua majina yao, hivyo majina yasiandikwe nje ya begi. Andika namba yako ndani. Wote wawili waikariri, pamoja na 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.

Njia kama ya Mandela, yenye malori ya bandarini na njia nyingi, jibu langu lingekuwa jingine: hapo hata wa miaka 12 avushwe na mtu mzima. Dada mtu mpime upya akifika miaka 10. Mpe avuke mwenyewe ukimtazama, mara kumi, siku tofauti. Akikosea mara moja, ongeza mwezi.