Barua kwa mwanangu: Goma na bereti za bluu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza: askari wa UN wako Kongo tangu 1999, wana helikopta na deraya, ilikuwaje mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukatekwa na waasi wa M23 Januari 2025 nao wamo humo humo mjini?

Haikuwa mara ya kwanza, mama. Novemba 2012 pia M23 waliingia Goma, bereti za bluu, yaani hao askari wa UN, zikitazama.

Jeshi la kulinda amani hutumwa kulinda amani iliyokwisha kukubaliwa. Wenyewe wakirudi kupigana, linabaki katikati kama mshenga wa ndoa iliyovunjika. Na si jeshi moja. Kila kikosi kina wakubwa wawili: kamanda wa UN na serikali ya kwao. Kamanda akisema sogeeni mbele, ofisa anapiga simu nyumbani kwanza. Siwalaumu sana. Desemba 2017, baada ya shambulio kwenye kambi yao ya Semuliki huko Kongo, vijana wetu 14 walirudi Dar es Salaam kwenye majeneza.

Utasema, mbona 2013 M23 walitimuliwa? Ndiyo, na hapo ndipo watu husimulia nusu. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, na brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ikaruhusiwa kuwafuata waasi waliko. Nusu ya pili ni fedha: wafadhili kadhaa walikuwa wamezuia misaada kwa Rwanda, ambayo wataalamu wa UN waliituhumu kuwabeba M23 (yenyewe ilikana). Mizinga mbele, mfuko umefungwa nyuma. Novemba M23 wakatangaza kuacha uasi.

Safari hii mfuko ulikuwa wazi. Serikali ya Kongo nayo, imechoshwa na UN, ilitaka waondoke; Juni 2024 wakafunga kambi za Kivu Kusini. Jeshi la Afrika Mashariki lilikwisha kuondolewa Desemba 2023, na lile la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lililolifuata likaishia kuzingirwa kambini. Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, Februari 2025, wakati Goma imekwisha kwenda na mji wa Bukavu, Kivu Kusini, umeifuata. Vingekuja miezi sita kabla, nadhani tungekuwa tunazungumza mengine.

Yule rafiki yako wa Bukavu mliyesoma naye, simu yake imepatikana? Mama yako ananiuliza kila jioni.

Baba